Hatua Mbili za Kumfunga Mfalme



Wiki hii twawaomba radhi wasomaji wetu, hususan akina mama waliotuletea maswali ya eda na ya mali ya mayatima. Maswali hayo yako mezani petu na tutayajibu, inshallah. Leo tumeona tuanze na jambo letu wenyewe, kwa kuwa si haki kuwa kila wiki twafungua milango ya nyumba za watu na ya kwetu tumeitia komeo.

Mwezi wa Aprili, skuli zilipofungwa, tulikwenda Busia kumzuru binti yetu. Ameolewa huko mwaka wa kumi na moja sasa. Mumewe ni wakala wa forodha, na kazi yake humgawa baina ya Busia na Malaba. Tulipanda basi Mombasa magharibi, tukavuka Nairobi usiku wa manane, na asubuhi ikatukuta tumeshapita Kisumu, twaelekea Maseno, Yala na Ugunja, nchi ya kijani tupu ambayo mtu wa pwani huitazama kwa husuda kidogo. Adhuhuri tulikuwa Busia.

Asiyepajua Busia asidhani mpaka ni ukuta. Ni barabara yenye watu. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2018, maafisa wa Kenya na wa Uganda hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mbili. Lakini uhai wa mji ni wale wanawake wenye beseni za nyanya, trei za mayai na magunia ya omena, wanaovuka asubuhi na kurudi jioni. Wengi wao hawajui kwamba sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yawaruhusu kupitisha bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti chepesi kinachotolewa pale pale mpakani, na kwa kutojua huko huwalipa watu wasiostahili kulipwa. Hata neno boda boda, wenyeji husema, lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria na mizigo kutoka boda hii hadi boda ile. Tumelitaja hilo kwa kupita tu, maana kalamu yetu ina tabia ya kuchepuka inapoogopa inakokwenda.

Jioni ya siku ya pili tulikuwa sebuleni na mjukuu wetu, binti wa miaka kumi. Mama yake alikuwa jikoni akikanda unga wa mahamri. Mtoto akaja na ubao wa miraba myeupe na myeusi, akauweka juu ya busati mbele yetu, akapanga vitu vitatu tu. Mfalme mweupe. Mfalme mweusi. Na cha tatu kisoda cha chupa, kwa sababu ngome mbili nyeupe za ubao ule zimepotea.

“Babu,” akasema, “hiki kisoda ni ngome. Wewe ni mweupe, na zamu ni yako. Mfunge mfalme wangu kwa hatua mbili.”

Kwa msomaji aliye na ubao nyumbani, au atakayechora miraba 64 juu ya karatasi: safu za wima huitwa kwa herufi, a mpaka h, na za kulala huhesabiwa 1 mpaka 8, kuanzia upande wa mweupe. Mfalme mweupe alikuwa g6. Ngome f3. Mfalme mweusi g8, peke yake, hana askari wala farasi. Ngome huenda moja kwa moja, mbele, nyuma na kando, kadiri njia ilivyo wazi. Mfalme hupiga hatua moja upande wowote, ila haruhusiwi kukanyaga mraba unaolindwa na adui, na wafalme wawili hawasogeleani. Mchezo huu Waswahili tumeuita sataranji, kutokana na shatranji ya Waarabu, walioipokea kwa Wafursi, nao kwa Wahindi. Wafursi walikuwa wakisema “shah mat”, mfalme amekwama hana pa kwenda. Sisi pia shaha tunaye, japo kwetu siku hizi amebaki kuwa shaha wa malenga.

Tuliutazama ubao. Tumesoma nahau na mantiki, tukajiambia: vitu vitatu, mtoto wa miaka kumi, jambo hili halitufiki kooni. Tukaisukuma ngome kwa kishindo mpaka f8, uso kwa uso na mfalme wake, tukasema kama vijana wasemavyo: “Cheki!”

Mtoto akaichukua ngome yetu kwa mfalme wake, akaiweka pembeni. “Umenipa bure, Babu.”

Tukarudisha, tukajaribu tena. Tukaipeleka ngome upande wa a, tukidhani tutampiga kwa mbali. Mfalme wake akatoka kwenda f8, na tulipomtisha kutoka a8 akateremka e7, akatuaga. Tukajaribu mara ya tatu, tukaanza kuhisi joto kichwani. Ndipo sauti ikatoka jikoni, kwa mtu ambaye ubao hakuuona kabisa, aliyekuwa amesikia tu mtoto akitaja miraba.

“Irudishe nyuma, Baba. Hatua moja tu. Kisha ungoje.”

Tuliirudisha ngome kutoka f3 hadi f2. Haikumtisha mtu. Ilikuwa kama haikufanya kitu. Lakini sasa zamu ilikuwa ya mweusi, na mfalme wake alipotafuta pa kwenda, safu yote ya f ililindwa na ngome, g7 na h7 zililindwa na mfalme wetu, na umebaki mraba mmoja tu duniani, ile pembe ya h8. Akaingia. Tukapandisha ngome f8. Hana pa kukimbilia, na ngome iko mbali naye, hawezi kuichukua. Shah mat.

Tulifurahi kama mtoto aliyehitimu juzuu. Tukapaza sauti tukamwuliza binti yetu alijuaje bila kuona. Alikuja mlangoni, mikono imejaa unga, akasema bila ghadhabu yoyote:

“Hilo ndilo lililokuwa mezani siku ile.”

Tukauliza, siku gani?

Wasomaji wetu, hapo ndipo penye aibu. Yeye alikuwa ameibeba siku ile miaka ishirini na mitatu, na sisi tulikuwa tumeisahau kama mtu asahauvyo alikoacha kikombe. Ilibidi atukumbushe. Alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, nyumbani kwetu Mji wa Kale, baada ya Alasiri. Skuli ilikuwa imemwazima ubao kwa wiki mbili. Alikwisha kuswali. Alikuwa amekaa peke yake, hachezi na mtu, bali anafumbua fumbo alilopewa na mwalimu: mfalme, ngome, mfalme, hatua mbili. Tukaingia, tukaona vichwa vya farasi vilivyochongwa, tukasema haya ni masanamu na hii ni kamari. Tukakusanya vyote katika mfuko, tukavitupa katika jaa la taka lililokuwa likiungua nyuma ya nyumba. Hatukuuliza ubao ni wa nani. Hatukuuliza alikuwa akifanya nini. Akatwambia kwamba, baada ya siku ile, alilimaliza fumbo kichwani usiku, kitandani, na kwamba halikumtoka tena.

Usiku huo wa Busia hatukulala vyema. Tulifungua kumbukumbu ya vitabu tulivyosoma. Sisi ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Minhaji ya Imamu Nawawi imesomwa pwani hii vizazi na vizazi. Humo, katika kitabu cha ushahidi, jambo hili limeelezwa kwa maneno machache yaliyo wazi: mchezo wa nardi, ule wa dado, ni haramu kwa kauli iliyo sahihi, sataranji ni makruhu, na ikiwekwa mali ya pande zote mbili, basi ni kamari. Mashekhe wakaongeza kwamba ikimpitishia mtu sala au ikileta matusi, hutoka katika ukaraha ikaingia katika uharamu. Katika madhehebu nyingine tatu maulamaa wengi wameiharamisha, na hatuwadharau. Imepokewa pia kwamba miongoni mwa tabiina walikuwamo walioicheza, na Saʼid bin Jubayr hutajwa kuwa akiicheza hali ameupa ubao mgongo. Kwa hiyo suala lina pande zake, na mwenye elimu hulipima. Sisi siku ile hatukupima. Tatizo ni kwamba kitabu cha ushahidi kiko karibu na mwisho wa Minhaji, na wengi wetu tukishafika ndoa na talaka huona tumefika, kwa kuwa ndiyo maswali tuulizwayo. Tulihukumu kwa ukurasa ambao hatukuufikia.

Na lau tungeufikia, tungejua kwamba tulichokichoma hakikuwa hata mchezo wa watu wawili. Fumbo halina wa kushinda wala wa kushindwa, wala halina mahali pa kuweka dau. Mafumbo haya ni ya kale katika Uislamu. Baghdad, zama za Bani Abbas, waliyaita mansubati, nafasi zilizopangwa. Al-Adli aliandika kitabu juu ya sataranji karne ya 9 ya Miladia, na baada yake Abubakar as-Suli, mwanahistoria na mwanafasihi, aliyefia Basra karne ya 10. Fumbo moja la as-Suli, waliloliita almasi yake, lilikaa takriban miaka elfu bila ufumbuzi mpaka bingwa wa Urusi, Yuri Averbakh, alipolifungua karne ya 20.

Na kipo kisa ambacho akina mama watakipenda na kukichukia kwa pamoja. Husimuliwa kwamba bwana mmoja aliyekuwa mraibu wa kamari alicheza sataranji mpaka mali ikamwishia, akamweka rehani mkewe, Dilaram. Mchezo ukamwelemea. Dilaram, nyuma ya pazia, akauona ubao kuliko mumewe, akamnong’oneza azitoe kafara ngome zake mbili asimtoe yeye. Akazitoa zote, moja baada ya nyingine, kisha askari akasogea, farasi akamaliza kazi. Fumbo lenyewe lipo mpaka leo na lafumbuka kama lisimuliwavyo. Ndovu wa wakati ule alikuwa akiruka miraba miwili kwa kiguu cha upogo, si kama yule ambaye Waingereza wamemgeuza askofu. Kama mke alikuwapo kweli, Mungu ndiye ajuaye. Sisi kilichotushika ni kwamba katika nyumba ile aliyejua kufikiri aliwekwa nyuma ya pazia, na aliyekaa mbele ya ubao ndiye aliyekuwa akiiangamiza nyumba.

Siku ya tatu mkwe wetu alitupeleka Malaba. Ni mwendo wa chini ya saa moja, kupitia Alupe na Adungosi. Malaba ni mji wa malori. Reli ya zamani, iliyojengwa wakati wa Mwingereza, inapita hapo kuelekea Tororo, lakini mizigo mingi ya Uganda, Rwanda na Kongo hutoka bandari ya Mombasa kwa magurudumu, zaidi ya kilomita 900, na hapo husimama. Foleni yaweza kuwa ya saa chache. Mwaka 2020, wakati wa vipimo vya korona, ilikuwa ya siku nyingi na ya makumi ya kilomita. Madereva hupika chini ya matrela, hufua, hucheza drafti kwa visoda. Wengi ni vijana wetu wa pwani, na walipoiona kofia wakaja kutusalimu na maswali yao: kupunguza sala, je, mtu anayesema kila asubuhi “leo tutavuka” na asivuke? Tukawajibu kama Shafi walivyosema, kwamba anayetazamia kuondoka wakati wowote hupunguza mpaka siku kumi na nane.

Dereva mmoja wa Likoni, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi. Tukamwona anatazama kitu kimoja kwa muda mrefu bila kugusa. Ilikuwa fumbo la hatua mbili. Tulimwuliza kwa nini asicheze mchezo mzima. Akasema: “Shekhe, mchezo mzima hapa haumaliziki, foleni husogea ghafla. Fumbo dogo naweza kulitia mfukoni nikaendesha nalo.” Kisha akainamisha sauti, akauliza kama sala zake zina kasoro kwa ajili ya jambo hili, kwani aliwahi kusikia mawaidha kwamba zina kasoro. Hatukumwuliza mawaidha hayo aliyasikia kwa nani. Pwani si kubwa kiasi hicho. Tulikaa juu ya tairi, tukamweleza mlango ule wote taratibu, wa nardi, wa sataranji, wa mali, wa wakati wa sala, na rai za wanaoharamisha. Tukamwambia mafumbo yake hayana dau, na adhana imemkuta akiyaacha. Alishukuru. Baadaye akatufundisha jambo ambalo mjukuu hakutwambia: mwenye kufumbua kwa pupa huanza kwa cheki, na mafumbo mengi yametungwa makusudi kumnasa mtu wa namna hiyo.

Tuliporudi Busia tulimwita binti yetu, tukamwambia tuna deni. Kuharibu mali ya mtu kuna dhamana, na ubao ulikuwa wa skuli. Akasema deni la skuli lililipwa wiki ile ile. Aliyelipa ni mama yake, shilingi 1,200, kutoka pesa zake za upatu, na akamwambia binti: babako asijue, atazidi kukasirika.

Mama yao alifariki mwaka wa sita sasa, Mungu amrehemu. Miaka yote ile alitulipia dhamana yetu na hakutamka. Wapo watakaosema alijitolea na kwa hiyo hakuna deni. Hoja hiyo tunaijua, na tungempa mtu mwingine bila kusita. Sisi hatukutaka kujificha nyuma yake. Basi tukasema, deni la marehemu hurithiwa. Tukachukua karatasi. Wazazi wake walimtangulia. Ameacha mume, watoto wa kiume wawili na wa kike mmoja. Mume ana robo, shilingi 300. Zilizobaki 900 hugawanywa mafungu matano: kila kaka 360, na dada 180.

Binti yetu aliitazama karatasi muda. “Kwa hiyo, Baba,” akasema, “ulinichomea ubao, mama akaulipa, na sasa wewe ndiwe mrithi wa mia tatu, na mimi mia na themanini.”

Tukanyamaza. Kisha yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, nasi tukacheka, na katika kicheko kile sote wawili tukajikuta tunafuta macho. Mtoto akaja kutazama kumezidi nini. Tukasema lile tulilopaswa kulisema miaka ishirini na mitatu iliyopita, kwamba tulikosea na kwamba tunaomba atusamehe. Akasema: “Chai inapoa, Baba.” Kwetu sisi, anayewajua wanawake wa nyumba yetu atafahamu kwamba hilo ni jibu, ingawa si jibu lote.

Mia na themanini alizipokea. Kaka zake walitumiwa zao kwa simu na wakapiga kuuliza ni za nini. Hilo ni kisa kingine. Mia tatu za robo yetu tuliziongeza, tukanunua ubao mpya kwa mjukuu, wenye ngome zote nne. Kisoda amekikataa kutupa. Asema kimezoea.

Jambo moja zaidi tuliambiwa kabla hatujapanda basi. Ng’ambo ya mpaka, karibu kilomita 200 kutoka Busia, mtaa wa Katwe mjini Kampala ulimtoa Phiona Mutesi, msichana aliyeuza mahindi, akafundishwa sataranji na Robert Katende, akaliwakilisha taifa lake katika Olimpiadi ya sataranji mwaka 2010. Kitabu chake kilitoka mwaka 2012, filamu mwaka 2016, na mamake katika filamu aliigizwa na Lupita Nyong’o wetu. Binti yetu alitutazama aliposimulia, wala hakuongeza neno. Alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, tumekwisha kusema.

Sasa kila Alhamisi baada ya Isha mjukuu hututumia fumbo moja kwa simu. Bado twaanza na cheki. Hili ndilo la wiki hii, nasi tumelifumbua siku ya pili, kwa aibu ndogo:

Mweupe ana mfalme g1, malkia c4, farasi h6. Mweusi ana mfalme h8, ngome f8, na askari wawili, g7 na h7. Mweupe aanza, amfunge mfalme kwa hatua mbili. Tukumbushe tu kwamba malkia huyu katika shatranji ya kale alikuwa waziri dhaifu wa hatua moja, na nguvu zote alizonazo leo alipewa Ulaya karne ya 15. Humu cheki ya mwanzo ipo kweli, ila mtu huiogopa kwa sababu ya kile anachokitoa. Jibu tumemwachia mhariri kwa toleo lijalo. Binti yetu asema mama yake angelipata kabla ya mahamri kuumuka.